Sindano ya Pili na Dhamiri ya Mgonjwa

Katika jamaa nyingi za Kikristo nchini mwetu yumo mtu aishiye kwa sindano. Kabla ya chai ya asubuhi, na tena kabla ya chakula cha jioni, hujidunga insulini tumboni au pajani, naye ameyazoea hayo kama wengine walivyozoea kunawa uso. Kisha siku moja daktari humwambia kwamba insulini peke yake haimtoshi. Kwamba ipo dawa nyingine, nayo pia ni ya sindano, ambayo yafaa ijaribiwe pamoja na ile ya kwanza. Ndipo maswali yanapoingia nyumbani. Je, akikataa, amekosa mbele ya Mungu? Je, akikubali, ameonyesha tamaa ya kuishi ipitayo kiasi? Na fedha za dawa hiyo zikitoka katika akiba ya watoto, ni nani aliyedhulumiwa?

Maswali haya si ya daktari peke yake. Daktari aweza kutuambia dawa hufanya nini mwilini. Hawezi kutuambia, kwa elimu yake ya uganga tu, lililo wajibu wetu ni lipi. Nasi hatukusudii kumfundisha daktari kazi yake. Twataka kuitafuta njia iliyonyoka kwa dhamiri ya Mkristo, maana wengi wenye ugonjwa huu wamelemewa na mizigo miwili: mzigo wa maradhi, na mzigo wa hatia wasiyostahili kuibeba.

Yatupasa kwanza kuujua ugonjwa wenyewe. Nyuma ya tumbo la chakula Muumba ameweka kiungo kiitwacho kongosho. Humo zimo seli zitoazo insulini, nayo insulini ndiyo iifunguliayo sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia mwilini kutia nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwashika watoto na vijana zaidi, seli hizo huharibika, na mwili hukosa insulini kabisa. Katika aina ya pili, iliyo ya watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii vema, na baada ya miaka hata kongosho lenyewe huchoka. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu. Aliye wa aina ya kwanza akiacha insulini, damu yake huchachuka kwa asidi, naye hufa kwa siku chache tu.

Hivyo ndivyo walivyokufa watoto wote wa ugonjwa huo kabla ya mwaka 1922. Tarehe 11 Januari mwaka ule, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyotolewa katika kongosho la mnyama, kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Sindano ile ya kwanza haikumfaa sana, maana dawa ilikuwa bado na uchafu. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 ya mwezi ule ule mvulana akadungwa tena. Safari hii sukari ikashuka, na nguvu zikamrudia. Akaishi miaka 13 zaidi. Tukumbuke jambo moja: dawa iliyo leo ya kila siku kwa mamilioni ya watu ilianza kama jaribio juu ya mtoto aliyekuwa amekwisha kukatiwa tamaa.

Sasa tuje kwenye sindano ya pili. Mwaka 1987 wataalamu waligundua kwamba zile seli za kongosho hazitoi insulini peke yake. Hutoa pamoja nayo kitu kingine, nacho kikaitwa amilini. Kazi yake ni kuituliza meza ya mwili: hulizuia tumbo lisimwage chakula upesi utumboni, hulizuia ini lisiongeze sukari wakati ambapo chakula chenyewe chaileta, tena humpa mtu hisia ya kushiba. Basi, mgonjwa aliyepoteza seli hizo amepoteza vitu viwili, naye kwa miaka mingi alikuwa akirudishiwa kimoja tu. Mwezi wa Machi mwaka 2005 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa amilini, iitwayo pramlintaidi, idungwe kabla ya milo mikubwa pamoja na insulini ya chakula.

Walioijaribu dawa hiyo walipata faida na taabu pia. Faida ilikuwa kwamba sukari haikuruka juu sana baada ya kula, na wengi walipungua uzito kidogo. Lakini kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa kiasi kidogo tu, chini ya nukta moja ya asilimia. Taabu ilikuwa kichefuchefu, hasa majuma ya mwanzo. Tena dawa hiyo haikuweza kuchanganywa na insulini katika bomba moja, kwa hiyo kila mlo mkubwa uliongeza tundu jingine mwilini. Na hatari yake kubwa ilikuwa sukari kushuka mno muda wa saa tatu baada ya sindano, hata mtu aweza kuzimia. Kwa sababu hiyo madaktari waliagizwa kuipunguza insulini ya chakula kwa nusu wakati wa kuanza.

Mwaka huo huo wa 2005 ilikubaliwa pia dawa ya jamaa nyingine, iitwayo eksenataidi, ambayo asili yake ni uchunguzi wa sumu ya mjusi mmoja wa jangwa la Marekani. Ndugu zake waliofuata, kama liraglutaidi na semaglutaidi, ni kwa wagonjwa wa aina ya pili, na wengi wao huzitumia pamoja na insulini. Nyingine hudungwa kila siku, nyingine mara moja kwa juma. Baadhi yake zimeonekana hata kuupunguzia moyo na figo madhara. Hakuna hata moja katika hizo zote iponyayo kisukari, na hakuna iliyo badala ya insulini kwa yule ambaye kongosho lake halitoi kitu. Ni msaada juu ya msaada.

Basi, mbele ya msaada wa namna hii, Mkristo afanye nini?

Msingi wa mafundisho ya Kanisa ni kwamba uhai ni amana. Sisi tu watunzaji wake, hatu wenye mali. Mtunzaji mwema haitupi amana barabarani. Walakini haifanyi kuwa mungu wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki hutufundisha kwamba uhai na afya ni vipaji vya thamani kutoka kwa Mungu, nasi tuvitunze kwa busara, huku tukiangalia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Maneno hayo mawili, busara na mahitaji ya wengine, yastahili kuwekwa moyoni, maana ndani yake limo jibu la swali letu.

Wanateolojia wa zamani waliyapima mambo haya kabla ya insulini kufikiriwa. Katika karne ya 16 Padre Francisco de Vitoria, Mdominiko wa Salamanca, alifundisha kwamba mgonjwa ana wajibu wa kula, kwa kuwa kujinyima chakula hata kufa ni kujiua. Lakini hana wajibu wa kula vyakula vya thamani kuu, kuku kwa mfano, hata daktari akimhakikishia kwamba vitamwongezea miaka. Mwaka 1595 mwenzake wa shirika lile lile, Domingo Báñez, aliyapa mambo haya majina tuyatumiayo hata leo: njia za kawaida za kuutunza uhai, ambazo twalazimika kuzishika, na njia zisizo za kawaida, ambazo hatulazimiki. Baba Mtakatifu Pio XII, aliposema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, aliliweka jambo hili wazi. Njia ya kawaida, alifundisha, hupimwa kwa hali ya mtu, mahali, nyakati na ustaarabu, nayo ni ile isiyomtwisha mgonjwa wala mtu mwingine mzigo mzito mno. Kuwadai watu zaidi ya hayo kungewalemea wengi, na kungewazuia kuyafikia mema yaliyo makuu kuliko afya. Hata hivyo, mtu hakatazwi kufanya zaidi ya wajibu, mradi asivunje wajibu mwingine ulio mkubwa kuliko huo.

Tuyatie mafundisho haya katika jambo letu. Insulini, kwa yule ambaye bila hiyo hufa, ni chakula chake. Ikipatikana, na ikiwa aweza kuimudu, ana wajibu wa kuitumia, wala hakuna mhubiri, mganga wa mitishamba au jamaa mwenye haki ya kumwambia aiache. Twalisema hili kwa nguvu, kwa sababu ni aibu na huzuni kusikia kwamba mtu ameambiwa aonyeshe imani yake kwa kuitupa chupa ya insulini. Huko si kuamini. Ni kumjaribu Bwana, kama kujitupa chini kutoka kinara cha hekalu, jambo ambalo Kristo mwenyewe alilikataa jangwani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, hutufundisha kumheshimu tabibu na dawa zitokazo ardhini, kwa kuwa Mungu ndiye aliyewaumba wote wawili. Na katika sura hiyo hiyo hutuagiza kusali. Dawa na sala hazishindani.

Lakini sindano ya pili haina daraja hilo. Huongeza faida, pengine faida kubwa, pengine ndogo. Haisimami kati ya mgonjwa na kifo cha juma hili. Kwa hiyo, kwa wagonjwa walio wengi katika nchi kama yetu, ni hiari wala si wajibu. Anayeikubali afanya vema. Anayeikataa kwa sababu zenye uzito, yaani gharama, kichefuchefu kisichokoma, hofu yenye msingi ya kuzimia akiwa peke yake, au uchovu wa kweli wa kuongeza mzigo mwingine juu ya mizigo ya kila siku, huyo hana dhambi ya kuungama.

Hata hivyo, hiari si mchezo. Kanisa lenyewe, katika Tamko la tarehe 5 Mei 1980 juu ya kuwasaidia wagonjwa na wanaokufa, lilisema kwamba mgonjwa, kwa ridhaa yake, aruhusiwa kutumia njia mpya za uganga hata kama hazijakuwa na uhakika wote. Tena aruhusiwa kuziacha matokeo yasipolingana na matumaini. Hapo ndipo tupatapo maana njema ya neno kujaribu. Anayejaribu dawa kwa haki hufanya mambo matatu. Kwanza, hutaka kuelezwa kwa lugha aielewayo faida itarajiwayo ni kiasi gani na hatari ni ipi. Pili, hupatana na daktari juu ya muda na kipimo: baada ya miezi kadha wa kadha tutaangalia nini, na kitu gani kitatufanya tuendelee au tuache. Tatu, husema kweli. Anayeruka sindano kisha akamwambia daktari kwamba amezidunga zote, humfanya daktari kuongeza dawa juu ya hesabu ya uongo, na katika ugonjwa huu hesabu ya uongo yaweza kuua.

Wengine watatupinga kwa methali yetu ya kale: mgonjwa haulizwi uji. Watasema, mwenye afya ndiye aonaye vema. Mgonjwa apewe dawa, anywe, apone, na maneno yaishe. Methali hii ni njema katika mahali pake. Hufundisha upendo usiongoja kuombwa, nao waliomkuta jirani ana homa kali wasimwulize kama ataka uji, waupike. Lakini mwenye kisukari si mgonjwa wa siku tatu. Uji wake ni wa maisha yote, na mpishi ni yeye mwenyewe. Yeye ndiye ajipimaye damu kwa kidole, ndiye ahesabuye wali na ugali, ndiye ajidungaye asubuhi watoto wakiwa bado wamelala. Mtu abebaye kazi hiyo kila siku hana budi aulizwe. Dawa iliyowekwa mkononi mwake bila ridhaa yake italala kabatini, na pengine nyumba nzima itaendelea kuinunua kwa kuona haya.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tutoe mfano kama wafanyavyo walimu wa maadili. Mama mjane, mkulima, ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka mingi ametumia insulini. Daktari amemshauri aongeze dawa ya pili ya sindano. Bei yake kwa mwezi yazidi mapato ya shamba kwa mwezi. Watoto wakubwa wataka kuuza nusu ya shamba. Mama hataki, kwa kuwa binti wa mwisho yu katika chuo cha uuguzi na ada yake hutoka katika shamba hilo hilo.

Je, mama aweza kukataa? Aweza, bila shaka yoyote. Anaitumia insulini yake, hivyo hakuitupa amana. Na mzigo ambao dawa mpya ingewatwika wengine ni mzito. Kukataa kwake hakuwi kujiua. Ni tendo la mzazi. Je, watoto wamekosa kwa kutaka kuuza? Hawakukosa, amri ya nne huwaagiza kumheshimu mzazi, nao wanaitii kwa upendo. Lakini wasimlazimishe, wala wasimtwishe maneno kama, Mama, wataka kutuacha yatima. Tuseme sasa kwamba mtoto mmoja aliye kazini mjini atoa fedha kwa hiari, naye hana watoto walio na njaa kwa sababu hiyo. Hapo mzigo umepungua, na mama aweza kupokea bila kujiona mwizi. Maana kukataa kila zawadi ya watoto yaweza kuwa kiburi kilichovaa nguo ya unyenyekevu. Tuseme tena kwamba baada ya mwaka fedha hizo zinakoma. Mama na aende kwa daktari, hesabu ya insulini ipangwe upya, kisha aendelee kama zamani. Hakuna aliyemsaliti mwenzake.

Na tubadili mfano mara moja zaidi. Mgonjwa ni baba wa watoto wadogo watano, macho yake yameanza kudhurika na figo zake hazina nguvu, na daktari aona sababu nzuri ya kutumaini kwamba dawa ya pili itayachelewesha madhara. Jamaa yaweza kuimudu kwa kujinyima kidogo. Baba huyu akikataa kwa uvivu, au kwa kuwa haoni sababu ya kuiacha pombe ambayo daktari amemwambia haipatani na matibabu, twathubutu kumwambia kwamba dhamiri yake haijatulia mahali pema. Hajidai yeye peke yake. Watoto wake pia wamdai. Dawa ni ile ile, bali wajibu umebadilika, kwa sababu watu wanaomtegemea ni wengine, na faida na mzigo ni vingine. Ndiyo maana hakuna padre wala daktari awezaye kutoa hukumu moja kwa wagonjwa wote.

Lipo pia deni kwa jirani. Dereva wa basi ajidungaye insulini, zaidi sana akiwa ameongeza dawa iwezayo kuishusha sukari yake bila kutazamia, ana roho za abiria mikononi mwake. Kupima kabla ya kushika usukani, na kuwa na kitu cha sukari mfukoni, kwake si ushauri wa afya tu. Ni amri ya tano. Hali kadhalika afundishaye, apandaye juu ya mnazi au aendeshaye mashine awaambie angalau wenzake wawili kwamba ana ugonjwa huu, na awaonyeshe la kufanya akianza kutetemeka na kutoka jasho. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na katika kisukari kifo hicho chaweza kumkuta mtu katikati ya watu waliodhani amelewa.

Hapa tuwaondolee Wakatoliki wenye kisukari wasiwasi mmoja. Wengine huogopa kula kipande cha sukari au kunywa soda kabla ya Misa hata wakihisi sukari imeshuka, wakidhani watakuwa wameikosa Komunyo. Wasifanye hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, yasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo wa saa moja. Tena kwamba wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza waweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Tena katika siku za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mgonjwa ambaye kufunga kungemdhuru halazimiki. Atoe sadaka nyingine. Na kusema kweli, anayejichoma mara nne kwa siku bila manung'uniko amekwisha kuileta sadaka yake altareni.

Mpaka hapa tumesema juu ya wajibu wa mgonjwa na jamaa yake. Lakini tungekuwa tumemwonea mgonjwa kama tungeishia hapo. Tulisema kwamba sindano ya pili si njia ya kawaida kwa watu wengi wa kwetu. Je, ni kwa nini? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya bei. Mgonjwa wa nchi tajiri mwenye bima nzuri hupewa dawa ile ile dirishani na kwenda zake nyumbani. Kama njia ya kawaida hupimwa kwa mahali na nyakati, basi walio na mamlaka juu ya mahali na nyakati wana deni. Insulini yenyewe mwaka 1922 haikuwa njia ya kawaida kwa mtu awaye yote. Ilifanywa kuwa hivyo na wanadamu. Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi wao kwa dola moja kila mmoja, wasitake kutajirika kwa kitu ambacho bila hicho watoto hufa. Mapokeo ya Kanisa huwakumbuka watakatifu Kosma na Damiani, matabibu waliotibu bila kupokea fedha. Na hapa twaona kwamba roho ile haikufa pamoja nao.

Hata hivyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye wako bado watu wasioipata insulini kwa uhakika, wala barafu ya kuitunzia. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, madaktari walipima joto la nyumba za wakimbizi, kisha wataalamu wa Geneva wakaijaribu insulini katika joto la namna hiyo. Mwaka 1921 jambo hilo halikuwezekana hata kuota, na mwaka 2021 walitangaza kwamba chupa iliyofunguliwa yaweza kudumu muda wa majuma manne katika joto lipandalo na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Elimu kama hiyo ni sadaka pia, maana yamwondolea maskini safari ya kila siku kwenda zahanati. Na mwezi wa Septemba mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi ya dawa za jamaa ya semaglutaidi katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa ajili ya wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliopita kiasi. Kuandikwa katika orodha si kufika katika hospitali ya wilaya. Ni hatua, na serikali, mifuko ya bima, watengenezaji wa dawa na hospitali za Kanisa waulizwe kila mmoja atafanya nini ili hatua ya pili ifuate.

Kwa upande mwingine, wako watu wenye afya nzuri waliozikimbilia dawa hizo kwa ajili ya wembamba na sura, na katika miaka ya 2022 hadi 2024 ziliadimika katika nchi nyingi, hata wenye kisukari wakazikosa. Hatumhukumu mtu ambaye unene ni ugonjwa kwake na daktari amemwandikia. Lakini anayenunua kwa ajili ya kioo chake kitu ambacho mwingine akihitaji kwa ajili ya figo zake, ajiulize mbele ya Mungu. Walanguzi nao walikwisha kuinusa harufu ya fedha: mwezi wa Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutaidi ya bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Twawasihi wasomaji wetu wasinunue dawa ya sindano mkononi mwa mtu, wala kwa njia ya simu kwa mwuzaji wasiyemjua, hata bei yake ikipendeza namna gani.

Basi, ndugu wasomaji, tuyakusanye tuliyoyasema. Aliyeandikiwa insulini aishike, wala asitikisike kwa maneno ya mtu. Aliyeshauriwa dawa ya pili aulize, apime, ashauriane na wa nyumbani mwake, asali, kisha achague. Na akiisha kuchagua, awe na amani. Akijaribu na isimfae, aiache kwa ruhusa ya daktari bila kuona haya. Walio karibu naye wamsaidie kuibeba kazi yake, wasimhesabie vijiko vya wali mbele ya wageni, wala wasimwite dhaifu asiyetaka kupona. Wenye mamlaka na wenye mali wakumbuke kwamba hiari ya maskini ni finyu kwa sababu wengine wameifanya finyu.

Na wewe unayejidunga alfajiri hii gazeti likiwa mezani, usidhani kwamba siku zako ni za thamani ndogo kwa kuwa zahesabiwa kwa sindano. Amana uliyopewa ni ile ile waliyopewa wenye afya, ila wewe waishika kwa mikono miwili na kwa macho wazi. Kuishika hivyo ni kumshukuru aliyekupa.